Blanketi ya Maharagi

Asubuhi ya mwisho tuliyokuwa wawili, Mama Rosine, muke wangu, alinivua blanketi. Hakunivua pole pole. Alivuta mara moja, kama mutu anavuta turubai juu ya lori, na mimi nikabaki pale kitandani na magoti yangu mawili, ngozi na mifupa, katika baridi ya Goma. Nilipiga kelele. Yeye alikuwa ameshafika mulangoni, blanketi kifuani. Akageuka, akasema neno. Neno lile nitalisema mwisho, kwa sababu siku ile sikulipa heshima yake. Nilivuta shuka tu, nikaendelea kunung'unika.

Blanketi haikuwa ya mugonjwa, wala ya mutoto. Ilikuwa ya sufuria.

Mimi ni Sikuli, wa Katoyi, mutaa wa Goma. Sikusoma. Rosine, binti yetu, ndiye anaandika, na mimi nasema. Nimemukataza kuongeza maneno mazuri. Kule makaburini walisoma historia ya mama yake kwenye karatasi: Masika alizaliwa Kanyabayonga, akabatizwa, akaolewa na Sikuli, akazaa, akalala katika Bwana. Ilikwisha mbele, kabla mutu hajamaliza kukohoa. Uongo haukuwamo. Sufuria pia haikuwamo. Na historia ya Masika bila sufuria ni kama historia yangu bila chukudu: ukiitosha chukudu, ukiiondoa, inabaki kulala na kula.

Kwa asiyeijua, chukudu ni baiskeli yetu ya mbao. Haina kiti, haina mnyororo. Unapiga goti moja juu yake, unasukuma na muguu wa pili, mizigo imekaa mbele yako kama mukubwa wako. Nimesukuma chukudu toka ujana. Goti langu la kuume limekuwa gumu, hata mbu anaogopa kuliuma. Hiyo ndiyo diploma yangu.

Masika alikuwa anapika maharagi ya kuuza. Siyo mabichi, ya kupikwa. Watu wa Katoyi walikuja na bakuli zao mangaribi, anawapimia, wanaenda nyumbani kutia chumvi na kitunguu. Kazi hiyo inaonekana ndogo. Lakini sikiliza. Maharagi ndiyo inakula makala, makaa ya kupikia, kuliko chakula chote. Unaweka asubuhi, unaongeza makala, unaongeza tena, saa sita bado inakuangalia. Masika alisema: kama kila nyumba inawasha moto yake juu ya maharagi, pori inakwisha. Moto moja ipikie nyumba zote.

Pori aliyosema ni parc, hifadhi ya Virunga. Kule kwao Kanyabayonga muji umekaa juu, parc iko chini, na alikua akiiangalia kama vile wengine wanaangalia ziwa. Makala ya Goma, sehemu kubwa, inatoka mule. Miti ya zamani inakatwa, inachomwa mule ndani, inashuka kwa barabara ya Rutshuru ndani ya mifuko. Kila mutu anajua. Kila mutu anapika. Mimi sina ya kusema, muji hauwezi kuacha kula.

Ila Masika alikuwa na mudogo wake, Evariste. Evariste alikuwa garde, mulinzi wa parc. Kijana wa kucheka, alikuwa akija kwetu na viatu vyake vikubwa, Masika anamufukuza navyo nje. Siku moja watu wa makala walimungojea njiani. Walimurudisha kwetu ndani ya turubai, na viatu vile vile.

Toka siku ile makala ya parc haikuingia jikoni kwa Masika. Alisema, “Sipiki na kitu iliua Evariste.” Basi. Hakulirudia.

Na mimi wakati ule nilikuwa nasukuma nini? Makala. Barabara nzima, mifuko juu ya chukudu, natoka jasho kama mutu wa maana. Niliacha. Usifikiri niliacha juu ya roho nzuri. Niliacha kwa sababu nilirudi nyumbani, nikakuta sahani yangu imefunikwa, nikafunua, nikakuta mule kipande cha makala. Kimewekwa vizuri katikati, na kijiko kando. Nilikiangalia. Yeye alikuwa anakula. Kesho yake nikaanza kusukuma mashu, zile kabichi za Kibumba.

Alinunua makala ya mikaratusi, ya mutu mumoja wa Masisi aliyepanda miti yake mwenyewe kwa kazi hiyo. Makala ile ni nyepesi na inakwisha haraka. Ndiyo maana alianza kulaza sufuria.

Kulaza ni hivi. Maharagi inalala ndani ya maji. Asubuhi inachemka, inachemka sana, lakini kidogo tu. Halafu unaitosha motoni na kifuniko chake, unaikalisha ndani ya kitunga kikubwa, unaifunga na blanketi, na makoti, na kila kitu mume wako alitaka kuvaa. Unaiacha. Haiguswi. Mangaribi imeiva.

Nilimuuliza alijifunza wapi.

“Kuku analalia mayai yake bila makala,” alisema. “Mimi nishindwe na kuku?”

Katoyi ilicheka. Walimuita Mama Analaza. Waliniuliza kama sufuria inakoroma. Na mimi, mume wake, nilicheka nao, hasa nikiwa na baridi.

Wakati volkano ilitema mara hii ya mwisho, walituambia tuhame muji mara moja. Watu walikimbilia Sake kwa miguu. Masika aliweka sufuria kichwani, imefungwa na blanketi yake, maharagi imetoka motoni sasa hivi. Mimi nilibeba kufuli ya nyumba. Kufuli mukononi, na nyumba niliiacha wazi. Nililitambua tukiwa mbali. Masika hakunitukana, alisema tu, “Angalau hawataiba kufuli.” Tulipofika Sake, watu wanalia njaa, akashusha, akafungua. Imeiva. Tulikula na watu tusiowajua. Mwanaume mumoja alimwambia Masika mume wake ana bahati. Nilikubali kwa kichwa, kufuli mukononi.

Sasa ile asubuhi. Alinivua blanketi, akasema neno lake, akaenda kulaza sufuria. Mimi nikavaa, nikaenda kukaa na wazee wenzangu wa chukudu. Siku hizi hatusukumi sana, tunasema tu jinsi tulivyosukuma. Mangaribi nikarudi. Rosine alikuwa amemushika mama yake, na mudomo wa mama yake ulikuwa hausemi tena. Tension, damu imepanda, walisema ku centre de santé, ile zahanati yetu. Macho yake yalikuwa yananitafuta. Nilimwambia, “Niko.” Kulipokucha hakuwako.

Nikarudi nyumbani. Sufuria ilikuwa bado imelala ndani ya blanketi yangu. Hakuna mutu aliyeifungua. Nikaitosha kwenye kitunga, nikakunja blanketi, nikaiweka mbali. Usiku nililala na koti.

Halafu wamama wakaja ku kilio, matanga ya Masika.

Wa kwanza alikuwa mama Domitille, jirani yetu, mutu wa upande wa Bukavu. Domitille anauza makala. Ukuta wake ni ukuta wetu. Alikuja anaburuta mufuko muzima, analia na kuhema pamoja.

“Muzee Sikuli, pole. Dada yangu ametuacha. Huu ni mukono wangu, ya kupikia batu ba kilio.”

“Asante, mama Domitille,” nikasema. “Uurudishe.”

Akaacha kulia. “Niurudishe wapi?”

“Kwako.”

“Machozi imemuingia muzee ku kichwa,” akaambia wamama wengine.

“Hii makala inatoka wapi?”

“Inatoka mu mufuko.”

“Na mbele ya mufuko?”

“Muzee, usinipeleke tribunal kama mwizi siku ya kilio! Inatoka kule kunatoka makala ya Goma yote. Weye unajua. Weye ulikuwa unasukuma!”

Wamama wakacheka, halafu wakakumbuka kilio, wakalia.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti kubwa, kama chef wa quartier, mukubwa wa mutaa: “Makala ya parc haitawaka ku kilio cha Masika. Hata kipande. Watu watakula, na haitawaka.” Kila mutu akaniangalia. Nilijisikia mukubwa sana. Halafu nikakaa, nikakumbuka kwamba sijawahi kupika hata chai.

Rosine akaja karibu. “Papa, kesho tunazika. Watu watarudi hapa na njaa. Watakula nini?”

“Watakula.”

“Nini, papa?”

“Usiniulize mbele ya watu.”

Jikoni ilibaki nusu ya mufuko wa makala ya mikaratusi. Kwa sufuria za kilio, nusu ile inakwisha mbele maharagi ya kwanza ilainike. Yule mutu wa Masisi haji tena, barabara yake imefungwa na vita. Lakini nilisikia kule Murara kuna mama anauza ya mikaratusi. Nikatosha chukudu nje. Rosine akasema, “Papa, tuma mutu.” Nikamwambia mutu ni mimi.

Kutoka Katoyi kwenda Murara, na miaka yangu, juu ya mawe ya lava, sitaeleza. Wenye pikipiki walinipita wakipiga honi. Mumoja aliangalia chukudu yangu kama kitu ya makumbusho, akapiga kelele, “Muzee, musée yako iko na permis ya barabara?” Nilimutukana kwa Kinande ili asielewe. Akanijibu kwa Kinande.

Mama wa Murara alinifungulia mudomo wa mufuko. Mimi najua Masika alivyokuwa anafanya: anachukua vipande viwili, anagonga, anasikiliza. Ya mikaratusi inalia kama kigae. Ya parc inalia kama chuma. Nikachukua vipande viwili, nikagonga, nikaweka sikio. Nikasikia sikio langu lenyewe linavyolia, na honi za barabara. Nikagonga tena.

“Muzee, unapiga simu?” mama yule akauliza. “Wakikupokea, unisalimie.”

“Ni ya mikaratusi?”

“Ya mikaratusi kabisa. Naapa kwa Bikira Maria.”

Mimi ni Mukatoliki. Akishaapa hivyo, nitafanya nini? Nikapakia.

Nilirudi Katoyi jua limeshuka, goti langu la diploma linatetemeka. Niliingia uani polepole ili wote wanione. “Mikaratusi,” nikasema. “Safi.”

Domitille alikuja kuangalia. Hakuangalia makala. Aliangalia mudomo wa mufuko, ulivyofungwa na kipande cha kitenge chekundu. Akainama, akashika fundo.

“Muzee. Huu uliutoa wapi?”

“Murara.”

“Kwa mama munene, jino moja limetoka?”

“Huyo huyo.”

Domitille akakaa chini, juu ya mawe, miguu mbele. Nikafikiri ameshikwa na ugonjwa. Kumbe ni kicheko.

“Ni dada yangu ule! Na huu ni mufuko yangu! Ulipoukataa asubuhi nilisema, bon, niupeleke kwa dada auze. Mufuko ulienda na pikipiki, muzee! Umetoka ku mulango yangu, umesukuma mupaka Murara, kwenda kutafuta mufuko yangu! Juu tunatandika ya mikaratusi kidogo, chini... aah, weye unajua chini.”

“Lakini ameapa kwa Bikira Maria,” nikasema.

“Dada yangu? Ule ni Muprotestanti!”

Ua muzima ulicheka. Rosine alicheka mupaka akashika ukuta. Na mimi nilicheka, mara ya kwanza toka Masika hayuko, na kicheko kikageuka machozi katikati, wakanielewa. Wakaniacha nimalize.

Domitille alikuwa sasa amekaa juu ya mufuko wake. Akasema polepole, “Muzee, batoto bangu banakula juu ya mufuko kama huu. Hakuna mutu anakuya kuniuliza banakula vile gani.”

“Najua.”

“Masika alijua. Alikuwa ananunua chumvi kwangu. Makala, hapana. Na hakunitukana hata siku moja.”

“Alikutukana,” nikasema. “Nyumbani.”

“Alisema nini?”

“Alisema unauza viatu vya Evariste.”

Alilishika tena lile fundo la kitenge chekundu. Nikaona nimesema zaidi. Mimi mutu wa maneno machache, na hayo machache nayaweka pabaya.

“Bon,” akasema mwisho. “Sasa unapika aje?”

Niliangalia jikoni. Nusu ya mufuko, na kitunga cha Masika kimekaa peke yake, tupu.

“Tunalaza,” nikasema.

“Kilio kizima?”

“Kizima.”

“Na bugali?”

“Bugali hailali. Muchele unalala.”

“Kilio bila bugali! Muzee, maharagi itabaki changarawe. Batu batavunja meno, batasema marehemu amebaroga.” Akasimama, akapangusa kitenge chake, akaenda kwake. Mufuko wake akauburuta nao. Nikajua amekasirika.

Alirudi. Alikuwa amekumbatia blanketi ya kitanda chake, ile nzito ya maua ambayo anaianika juma lote ili tuione. Akaitupa mbele yangu.

“Ikipata moshi, unanunua ingine,” akasema, na kuambia wamama wengine, “Munangaliya nini? Muende mulete!”

Wakaleta. Blanketi, makoti, sweta, vitenge vya zamani, hata pazia. Uani kwetu ilikuwa kama soko ya mitumba.

Asubuhi ya maziko Rosine aliwasha makala ya mama yake. Sufuria zilichemka moja baada ya ingine, maharagi kwanza, muchele mwisho, na kila moja ikichemka vizuri tunaikimbiza kwenye kitunga kama mutoto mwenye homa. Makala ikabaki majivu. Vitunga vikakosa. Sufuria kubwa kuliko zote ilibaki bila fasi ya kulala, na inapoa.

“Ilete chumbani,” nikasema.

Tukailaza kitandani, upande wa Masika. Nikachukua ile blanketi yangu niliyoikunja, nikaifunika mupaka shingoni. Nikafunga mulango. Kufuli, safari hii, niliifunga nyumba nayo. Tukaenda kuzika.

Sitasema ya makaburini. Nitasema tu kwamba padri aliposema udongo unarudi kwa udongo, mimi nilikuwa nawaza maharagi. Nilikuwa nawaza kama kifuniko kimekaa vizuri. Nilimuahidi Masika mbele ya watu wote, na kama imebaki changarawe, Domitille atatuma mutu kuleta makala, na watu watakula juu ya Evariste, na mimi nitanyamaza kwa sababu nina njaa. Mutu anazika muke wake na anawaza maharagi. Huyo ndiye Sikuli.

Tulirudi, tukanawa mikono mulangoni kama desturi. Domitille aliingia chumbani wa kwanza, hakuniomba ruhusa. Aliingiza mukono chini ya blanketi, kama mama anagusa mutoto ku paji la uso. Akafunua kifuniko. Mvuke ukamupiga usoni. Akachukua harage moja, akaiminya na vidole viwili.

Nilikuwa nimeshika ubao wa kitanda.

“Imeiva,” akasema. Halafu akaangalia ule upande wa kitanda. “Masika weye! Hata ukiwa kule unatuaibisha.”

Watu walikula. Walilalamika juu ya bugali, na waliomba kuongezewa. Hakuna makala ya parc iliyowaka.

Walipokula, papa Fortunat, mukubwa wa shirika letu la kanisa, alisimama. Yeye anapenda mambo yaishe vizuri. “Muzee Sikuli,” akasema, “marehemu alikuwa mama wa mufano. Tuambie neno la mwisho alilokuachia, litujenge.”

Watu wote wakanigeukia. Nikajua neno, na nikaona haya kulisema mbele ya shirika.

“Alisema tusali,” nikasema.

“Ah!” akasema papa Fortunat. “Tusali kwa nia gani?”

Sikuwa nimefika pale.

“Muzee,” Domitille akasema toka ku sufuria, “Masika kusema vile asubuhi, na maharagi iko ku moto? Sema kweli.”

Rosine alikuwa ametoka chumbani. Akaniwekea blanketi yangu mikononi. Ilikuwa bado moto, inanuka maharagi. Nikaishika kifuani vile yeye alivyoishika, na nikasema vile alivyosema, akiwa mulangoni, asubuhi ile:

“Vaa koti, Papa Rosine, uache kelele. Maharagi ikiiva nitakurudishia blanketi yako, na itakuwa na joto kunipita mimi.”